Agnella Alphonce na Baiskeli Iliyolia Msibani

Ndugu wa Chita, majirani wa Mbingu, nanyi mliotoka kwa wafugaji, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Haya ni maisha ya Agnella Alphonce, mama Levina, kama mumewe Kelestini alivyoyasema na binti yake akayaandika. Mzee si mtu wa maneno mengi, lakini humu ndani lipo jambo la aibu, na kwa jambo hilo amesema kuliko kawaida yake.

Watoto walimwomba aliruke. Edward, mwanawe wa kiume, alimwambia jana mbele ya wajomba, "Baba, sema alikuwa mkulima, akauza samaki, inatosha. Watu walishasahau."

Mzee akamjibu, "Hawajasahau. Wamenyamaza tu."

Kwa hiyo litasomwa.

Marehemu alizaliwa Chita tarehe 14 Aprili 1957, Jumapili ya Matawi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Alphonce na mama Angelina. Mama yake alikuwa njiani kwenda kanisani, tawi mkononi, uchungu ukamshika. Akarudi nyumbani, na tawi likatumika kumfukuzia mtoto nzi. Alibatizwa Jumapili iliyofuata, siku ya Pasaka.

Alianza shule Chita mwaka 1965, akaishia darasa la nne mwaka 1968. Mwaka ule maji yalipanda, yakachukua shamba la mpunga la baba yake, na wasichana wakatolewa shule ili wakalime upya. Kidogo alichosoma alikishika. Mumewe hakuingia darasa lolote, na tangu walipooana barua zote za nyumba ile alizisoma Agnella. Lakini hakuwahi kumsomea mumewe kama mtu anayemshika mkono kipofu. Alijisomea kwa sauti, kana kwamba ndiyo tabia yake, na mumewe akawa anasikia.

Mwaka 1972 alikwenda Ifakara kukaa kwa kaka yake, marehemu Ignas, aliyekuwa fundi redio jirani na soko. Alipelekwa kupika. Macho ya Ignas yalikuwa yameanza kuchoka, na kila alipotaka kuunga waya mwembamba alimwita dada yake, "Aga, njoo unishikie hapa." Kushika kukawa kuunga, kuunga kukawa kufungua. Akajua chuma cha kulehemu kinapashwa vipi kwenye mkaa, na risasi ya kuungia waya inayeyushwaje bila kuunguza kilicho chini yake. Wateja wakimkuta peke yake waliuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye alijibu, "Katoka," huku redio yao iko mapajani mwake, tumbo wazi. Aliona haya kusema fundi ni yeye. Ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa mtu wa kufunika uso kwa kitu kizuri sawasawa na kwa kibaya, na ni vema jambo hilo likumbukwe, maana mbele litarudi.

Kelestini alikuwa kijana wa Mbingu wakati huo. Reli ilipofunguliwa alipanda treni kupeleka redio ya mjomba wake kwa Ignas. Ikatengenezwa. Ikaharibika, akairudisha, ikatengenezwa tena. Kisha akaipeleka tena ikiwa nzima. Agnella akaiwasha, ikaimba.

"Kaka, redio yako haina ugonjwa."

"Basi mgonjwa ni mimi."

Mzee anasema hilo ndilo neno pekee la maana alilopata kumwambia mwanamke, na alilitunga njia nzima tangu stesheni ya Mbingu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977, wakajenga Mbingu, hapa hapa tulipo leo. Walijaliwa watoto wanne. Wawili walitangulia wakiwa wadogo, na mama yao anakwenda kulala karibu nao.

Marehemu alikuwa mkulima wa mpunga maisha yake yote. Kuanzia mwaka 1998 aliongeza biashara ya samaki. Alfajiri alikwenda kambini kwa wavuvi, akachukua perege, kambale na kitoga, akazungusha kwa baiskeli kijiji hadi kijiji. Kapu la nyuma lilikuwa la samaki, kapu la mbele la mizani. Kwa miaka mingi alinadi kwa koo lake mwenyewe. Mwaka 2013 koo likaanza kukwaruza, na vijana wa pikipiki wenye honi wakawa wanamtangulia kwenye milango ya watu. Ndipo akavuta sanduku la marehemu Ignas kutoka chini ya kitanda.

Spika mbili alizipata kwenye gereji moja Ifakara, ndani ya milango ya gari lililogonga mti. Maboksi yake aliyatengeneza kwa mbao za meza ya kulia, na nyumba ile imekula chini kwenye mkeka mpaka leo. Betri ilikuwa ya pikipiki, akaifunga kwa turubai katikati ya fremu. Amplifaya ilikuwa kibao kidogo, hakizidi kiganja. Akakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalitoboa matundu ili kipumue. Redio ndogo ya kadi akaifunga kwenye usukani. Waya alizipitisha chini ya bomba la fremu, akazikaza kwa vipande vya tyubu. Swichi aliichomoa kwenye pikipiki iliyokufa, akaiweka penye kidole gumba cha kulia, aweze kuzima bila kuachia usukani.

Spika ya kwanza ilipolia, mume alidhani kazi imekwisha, akaanza kukusanya vifaa.

"Acha," Agnella akasema. "Bado."

"Si inasikika?"

"Inasikika nusu."

"Nusu ya nini?"

"Gitaa liko kushoto, ngoma iko kulia. Ukiweka moja, mwenzake amekufa."

"Na samaki watajua hilo?"

"Nitajua mimi ninayeendesha."

Akafunga ya pili. Kisha akachukua simu ya Levina, akaenda nyuma ya nyumba, akajifunika kanga gubigubi kwa haya, akajirekodi humo ndani. "Samaaaki! Perege, kambale, kitoga! Tokeni na mabakuli!" Sauti hiyo aliitia kwenye kadi, mbele yake gitaa na ngoma, nyuma yake gitaa na ngoma. Watu wa Mbingu mnaijua. Wengine mlikuwa mnabandika maji ya ugali mkiisikia ingali mbali.

Hayo ndiyo ya raha. Sasa yanakuja yale mengine.

Mwaka 2020 ng'ombe wa mzee Seni waliingia shambani kwa Agnella, mpunga ukiwa unatoa masuke. Mzee Seni alikuwa mfugaji, Msukuma, aliyekuja bondeni na mifugo yake miaka mingi nyuma, na boma lake liko njia ya kwenda mtoni. Shauri lilikwenda barazani kwa kata, wakapatanishwa, wakashikana mikono. Lakini mkono unaoshikwa mbele ya baraza hauonekani ndani yake. Watu waliendelea kusema, upande huu na upande ule.

Mwaka uliofuata mzee Seni alifariki, akazikwa bomani kwake tarehe 10 Julai 2021. Wakulima waliokwenda walikuwa wachache. Kelestini alikuwa mmoja wao. Agnella alikuwa anarudi kuuza, kapu la nyuma tupu. Angeweza kupita njia ya chini, na asubuhi ile mumewe alikuwa amemwambia hivyo.

"Tulishikana mikono," Agnella alimjibu. "Nisipofika, mkono utakuwa wa uongo."

Kwetu huku, wageni wajue, mtu wa baiskeli akikaribia msiba huzima redio, hushuka mbali, huikokota, na akifika huilaza chini. Baiskeli iliyosimamishwa ni ya mpita njia. Iliyolazwa ni ya mtu aliyekuja kulia. Agnella alifanya yote hayo. Alizima. Alishuka mbali, kule penye zizi. Aliikokota, akailaza kwenye nyasi ubavu wa kushoto, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaenda kuketi na akina mama.

Mizani ilikuwa kwenye kapu la mbele, ni ya chuma. Kwa uzito wake usukani ukaanza kugeuka wenyewe, kidogo kidogo. Chini ya usukani palikuwa na waya mbili zilizokwisha kuchubuka kwa kusuguana kila siku, na usukani ulipogeuka mpaka mwisho, zikakutana. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini umeme ulipita pembeni yake.

Jeneza lilikuwa likishushwa. Gitaa likaanza kushoto. Ngoma ikaitika kulia. Halafu, kwa nguvu zote za betri, sauti ya Agnella ikajaa boma lile: "Samaaaki! Perege, kambale, kitoga! Tokeni na mabakuli!"

Waliokuwa na kamba mikononi walisimama nazo. Agnella aliinuka akakimbia, akabonyeza swichi. Ikaendelea. Akabonyeza tena, ikaendelea. Vijana wakamwona anabonyeza, wakadhani anaongeza.

Mmoja akainua fimbo. "Mmekuja kutuuzia samaki kaburini?"

"Shauri la mpunga si lilikwisha barazani? Unamfuata mzee mpaka shimoni?"

"Mama mtu mzima, huna hata haya!"

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia, kwa sababu Agnella hakuwa na kitu kingi kuliko haya. Aling'oa waya kwa meno. Pakawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Bibi Kabula, mjane wa marehemu Seni, alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi. Alimtazama tu. Agnella alisema baadaye kwamba fimbo ingekuwa afadhali.

Alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, hakuipanda. Mumewe alitembea nyuma yake.

Jioni ile alifungua kila kitu, spika, betri, kopo, waya, akatia ndani ya gunia la mpunga, akalifunga kwa kamba. Hakwenda kuomba radhi. Si kwamba hakutaka. Asubuhi alivaa kitenge cha kutokea, akafika mlangoni, akarudi kuketi kitandani. Kesho yake vile vile. "Nikaseme nini?" alimuuliza mumewe. "Niseme waya? Nani ataamini waya?" Siku zikapita, na kimya chake kikawa ushahidi dhidi yake. Ikasemwa kote kwamba mke wa Kelestini alilipiza mpunga wake kwa maiti.

Tangu hapo aliuza samaki kwa ungo kichwani, bila kunadi. Mtoni alikwenda kwa njia ya kuzunguka, ndefu, yenye tope, ili asipite boma la Kabula. Na mzee naye alikula sehemu yake. Kilabuni mtu alimwambia, "Mzee Kelestini, mama anauza lini? Kwetu kuna mgonjwa, tuandae bakuli?" Watu walicheka. Mzee aliweka kikombe chini, akaondoka, na msimu ule wote hakurudi pale. Aibu ya mume na mke haina mlango katikati. Ikiingia kwa mmoja, mwingine anaikuta kitandani.

Marehemu alianza kuumwa mwishoni mwa mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alipelekwa hospitali Ifakara, akaambiwa moyo umetanuka. Alipewa dawa na alizitumia vizuri, na Levina alikuwa akija kutoka Mang'ula kumwangalia. Kufikia Januari mwaka huu hakuweza tena kutembea mpaka kisimani.

Mwezi wa pili, asubuhi, bibi Kabula aliingia uani na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuwa ametuma taarifa.

"Mwangaluka, mama Levina."

"Mwangaluka, mama." Agnella akamwitikia kwa Kisukuma chake, akavuta kitenge mpaka machoni.

"Funua uso. Sikuja kutazama kitenge."

Agnella akafunua. Mzee alitaka kuondoka. Bibi Kabula akamwambia akae, yanamhusu.

"Nina swali," akasema. "Nimekaa nalo mpaka limetunga usaha. Siku ile ulikusudia?"

"Sikukusudia."

"Mbona hukuja kusema?"

"Aibu."

"Aibu! Mwanamke anayepigia kelele vijiji vyote, tokeni na mabakuli, leo anasema aibu?"

"Ile si mimi. Ile ni redio."

Bibi Kabula nusura acheke, akajizuia. "Haya. Niambie basi ilikuwaje."

"Ilikuwa imezimwa."

"Kitu kilichozimwa kinaimba?"

"Kikilazwa."

Bibi Kabula akamtazama mzee, kisha akamtazama mgonjwa. "Mimi nimechunga ng'ombe, sijui waya. Sitaki maneno. Nilazie nione."

Akaambiwa baiskeli ipo, vyombo viko guniani.

"Vifungeni. Nitarudi baada ya Pasaka. Lakini msivitengeneze. Vifungeni na ubovu wake ule ule. Mkivitengeneza nitajua nimedanganywa."

Edward aliposikia akasema ataleta fundi kutoka Ifakara. Mama yake akakataa. "Fundi ataifunga vizuri. Mimi nataka iwe mbovu." Basi kazi ikamwangukia Kelestini, ambaye mikono yake inatetemeka na hajawahi kuunga waya hata mmoja. Agnella alilazwa kwenye mkeka barazani, mto mgongoni, na gunia likamwagwa mbele yao.

"Nyekundu na nyekundu, baba Levina."

"Hii hapa?"

"Hiyo ya kahawia."

"Ilikuwa nyekundu ulipoinunua."

"Hata sisi tulikuwa na rangi. Iweke, chukua ile nyingine. Chuma kimepata moto?"

"Nitajuaje?"

"Kitemee mate."

"Kimelia."

"Kimelia kikaacha, au kinaendelea kulia?"

"Kimelia mara moja, chaa!"

"Basi weka risasi. Kidogo. Kelestini, kidogo! Hupaki mafuta mkate."

Aliungua vidole, Agnella akacheka mpaka pumzi ikakatika, na mzee akaogopa, akataka kuacha. Hakuachiwa. Walifanya hivyo kila siku mgonjwa alipoamka na nafuu. Kushoto kulipolia, mzee alimshukuru Mungu. Kulia kulikuwa kimya. Panya walikuwa wamekula karatasi ya spika. Mzee akasema huyo mama hatajua, kelele ni kelele.

"Akija akasikia nusu, atasema tumeigiza," Agnella akasema. "Siku ile zililia zote mbili."

Wakaiziba ile spika kwa karatasi ya kalenda na gundi ya unga wa muhogo. Ikalia kama mtu mwenye mafua, lakini ikalia.

Wiki moja baada ya Pasaka bibi Kabula alirudi. Hakukubali mtu mwingine aguse. Alihakikisha swichi imezimwa. Aliishika baiskeli mwenyewe, akailaza ubavu wa kushoto juu ya nyasi za uani, akarudi nyuma.

Kimya.

Kuku walipita. Edward alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Agnella alikwisha kuvuta kitenge usoni, na bibi Kabula akawa anafunga kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Sauti ikatoka chini ya kitenge. "Mizani."

"Nini?"

"Baba Levina, mizani. Siku ile kapu lilikuwa na mizani."

Mzee akakimbia ndani, na yeye si mtu wa kukimbia. Akaitia mizani kapuni. Usukani ukatikisika. Ukaanza kugeuka, kidogo kidogo, kama mzee anayegeuka kumtazama aliyemwita. Ukafika mwisho. Gitaa likaanza kushoto. Ngoma yenye mafua ikaitika kulia. "Samaaaki!"

Bibi Kabula aliinama, akabonyeza swichi. Ikaendelea. Akabonyeza tena, na tena, kwa kidole gumba chake mwenyewe. "Tokeni na mabakuli!" Akakaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Kumbe ulikuwa unaizima," akasema.

"Nilikuwa naizima."

"Sisi tuliona unaongeza."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamtoka, akicheka na kulia, na Agnella naye akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maziko kwa kicheko cha Agnella kusikika mpaka barabarani.

Bibi Kabula alipofuta macho alisema jambo ambalo mzee ameomba lisemwe kama lilivyosemwa. "Kwenu na kwetu, anayeruhusiwa kufanya fujo msibani ni mmoja tu, mtani. Mtani atalala kwenye kaburi, atadai mchele, atamsema marehemu, na hakuna wa kumgusa. Wewe ulifanya fujo kwa mume wangu. Basi, ama ulikuwa adui, ama ulikuwa mtani na hatukujua."

Mzee akasema, "Lakini sisi Wandamba na nyinyi Wasukuma hatuna utani."

"Hatukuwa nao. Boma langu na nyumba hii vinao kuanzia sasa, kama mwenye nyumba anautaka."

"Nautaka," Agnella akasema.

"Unajua mtani hulipizwa?"

"Najua."

"Ukitangulia, nitakulazia hii baiskeli kaburini."

"Uilaze kushoto," Agnella akasema. "Na mizani usiisahau."

Edward alimlaumu mama yake wakati wa chakula cha usiku, kwamba watachekwa upya. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, aibu ile niliipata mbele za watu. Chumbani haiwezi kutoka."

Marehemu alidhoofika mwezi huu wa sita. Siku ya Jumatano jioni aliuliza kama betri iko kwenye sola. Mumewe akamjibu ipo. Akasema vizuri. Hilo ndilo neno lake la mwisho ambalo mumewe alilisikia. Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, alfajiri, saa ya kwenda kambini kwa wavuvi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume, Kelestini. Ameacha watoto wawili, Edward na Levina, wajukuu sita na kitukuu mmoja. Ameacha dada, Domitila, wa Chita. Ameacha mtani, bibi Kabula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya waliokesha na kuimba, na wavuvi walioleta samaki wa msiba huu bila kuombwa. Inamshukuru katekista Salvatory, ambaye alipoelezwa mambo haya alifikiri, akasema, "Sala zikiisha, kazi yangu imekwisha. Yanayofuata ni yenu na Mungu."

Sasa sala zimekwisha. Baiskeli mnayoiona pale chini ya kanga ni yake. Swichi imezimwa, bibi Kabula ameikagua. Mizani imo kapuni. Tangu Alhamisi mumewe hajaigusa, kwa sababu anaogopa kuisikia akiwa peke yake. Ameomba asimame hapo nyuma ya usukani, mahali alipokuwa anakaa marehemu, gitaa liwe kushoto na ngoma iwe kulia. Miaka yote alimfuata kando ya baiskeli ile, na mtu wa kando husikia nusu.

Waliokuwepo kwa mzee Seni siku ile wataona usukani unavyogeuka, na waone kwa macho yao. Asiwepo wa kuinua fimbo. Asiwepo wa kukimbilia swichi, haisaidii. Sauti mtakayoisikia ni yake mwenyewe. Mwenye kutaka kulia alie, mwenye kutaka kucheka acheke, leo ruhusa imetoka kwa mwenye msiba.

Agnella Alphonce, mama Levina, alale kwa amani, uso wake ukiwa wazi.

Bibi Kabula, ilaze.